Kwa nini sanamu zangu zinashika sakafu ya diorama?

"Habari mwalimu. Nakusanya sanamu za mashujaa za inchi 6, na nimezijengea diorama, yaani mandhari ndogo ya kuigiza mahali halisi, ya steji ya matatu yenye kibanda cha mabati na ukuta wa mawe. Ukuta wa kwanza niliutengeneza kwa foamu nyeupe iliyotoka kwenye katoni ya televisheni. Nilipoupulizia rangi ya kopo, ukaliwa mashimo mashimo. Wa pili nikaupaka rangi ya maji ya ukutani pamoja na sakafu yote, ukatoka vizuri. Diorama iko ndani ya kabati la kioo sebuleni, karibu na dirisha la upande wa magharibi. Baada ya miezi michache nimekuta sanamu mbili zimeshika sakafu. Nilipozivuta, rangi ya sakafu ilibanduka na nyayo zikabaki na alama. Ya tatu imeinama mbele, na joho lake linanata ukiligusa. Rafiki yangu anasema ni feki. Mwingine ananishauri nizipanguse kwa thina. Mimi nadhani ni joto la Nairobi. Je, nibomoe nianze upya? Na mbona matatu ya kuchezea niliyoweka pale inaonekana ndogo mno?"

Usibomoe chochote, na hiyo thina usiikaribishe kabisa. Sanamu inayonata ikipanguswa kwa thina, petroli au asetoni ya kutolea rangi ya kucha, rangi ya uso huondoka papo hapo, kisha plastiki yenyewe huanza kulainika. Ukishafika hapo hakuna fundi wa kukurudishia macho ya sanamu yalivyokuwa. Hali uliyo nayo leo, kwa bahati nzuri, karibu yote inarekebishika kwa maji, sabuni na subira.

Umeyataja kama matatizo mbalimbali, lakini ukuta ulioliwa, nyayo zilizoshika na joho linalonata vina asili moja: plastiki na kemikali zilizokutanishwa bila kitu cha kuzitenganisha. Suala la matatu ni la vipimo tu, nitalifikia.

Tuanze na ukuta, kwa sababu ndio mwepesi kuelewa. Foamu ile ni polisterini iliyotiwa hewa. Sehemu kubwa ya unachokishika ni hewa tupu, na plastiki yenyewe ni kuta nyembamba za vijipovu. Ndani ya kopo la rangi mna viyeyushi vinavyoiweka rangi katika hali ya majimaji, na vikishavukia ndipo rangi inakauka. Kiyeyushi huyeyusha kilicho jamaa yake. Fundi wa gereji mwenye grisi mikononi hahangaiki na maji, huchukua mafuta taa, kwa sababu grisi na mafuta taa ni ukoo mmoja. Polisterini nayo ni ukoo mmoja na viyeyushi vya rangi ya kopo, vya gundi ya viatu na vya vanishi nyingi za mbao. Kuta za vijipovu zikilainika, hewa inatoka, na ukuta wako unanywea. Kubadilisha chapa ya kopo hakubadilishi jambo hilo. Ulichofanya mara ya pili ndicho sahihi: rangi ya maji. Ukitaka ukuta uwe imara zaidi, changanya rangi hiyo na gundi nyeupe ya mbao, upake koti mbili, na usubiri ya kwanza ikauke kabisa kabla ya pili. Kila tundu lizibwe, hata kwenye kingo za chini ambako brashi hupenda kuruka.

Sasa sanamu. Sanamu nyingi za aina yako hutengenezwa kwa plastiki mbili. Moja ni ABS, ngumu, inayofaa viungo na sehemu za mitambo. Nyingine ni PVC, inayotumika pale panapotakiwa ulaini: nywele, joho, misuli, mara nyingi miguu pia. PVC kwa asili yake ni ngumu. Mabomba ya maji machafu ya nyumbani kwako yanaweza kuwa PVC hiyo hiyo. Ili ilainike, kiwandani huchanganywa na mafuta ya kulainishia. Mafuta hayo hayakuungana na plastiki moja kwa moja. Yamejipenyeza tu katikati ya minyororo yake mirefu na kuiwezesha kuteleza. Kwa hiyo yanaweza kutoka, na yanatoka, polepole, miaka yote ya uhai wa sanamu.

Sanamu ikikaa mahali penye hewa inayopita, kile kidogo kinachofika juu huondoka bila wewe kuhisi chochote. Ukiifungia ndani ya kabati lisilo na upenyo, tena linalopata joto, mafuta yanatoka haraka zaidi na hayana pa kwenda. Yanabaki juu ya joho, na vidole vyako vinayasoma kama mnato. Vumbi nalo likitua pale halitoki kwa kupuliza.

Hapa ndipo sakafu yako inapoingia. Rangi ya maji ya ukutani, ikishakauka, ni utando wa plastiki ambao haugandi kuwa mgumu kabisa. Hubaki na ulaini fulani, ndiyo maana madirisha yaliyopakwa na kufungwa mapema hukwama. Weka juu yake unyayo wa PVC unaotoa mafuta, ongeza uzito wa sanamu unaokandamiza eneo dogo kama ukucha wa kidole gumba, kisha acha miezi ipite. Mafuta huingia kwenye rangi, rangi inalainika zaidi, vitu viwili vinakuwa kimoja. Ingekuwa sakafu ni polisterini tupu au perspeksi, ile plastiki angavu kama kioo, ungekuta nyayo zimechora alama vilevile. Si kosa la rangi, wala si kosa la sanamu.

Kwa hiyo rafiki yako hana haki ya kuziita feki kwa sababu ya mnato. Sanamu halisi, ya bei ya kuumiza mfuko, hunata pia. Geuza boksi usome maandishi madogo: za Kijapani kama S.H.Figuarts kwa kawaida huandika nyenzo, na mara nyingi utakuta ABS na PVC zote mbili. Feki utaitambua kwa macho yaliyochapwa upande, viungo vilivyolegea tangu siku ya kwanza na boksi lenye maandishi yaliyofifia. Aliyekuuzia, kwa hili, hana hatia.

Na joto? Umekaribia ukweli, ila umelishtaki jiji badala ya kabati. Hewa ya Nairobi mara chache hupita nyuzi 30, na plastiki hizi huishi vizuri kabisa katika hali hiyo. Lakini jua la kuanzia saa tisa alasiri, likiwa limeinama, linapita dirisha la magharibi na kufika hadi ndani ya sebule. Likiingia kwenye kabati la kioo lililofungwa, joto lililoingia halitoki. Hapo ndani ni nchi nyingine. Tena dirisha huzuia sehemu tu ya miale ya urujuanimno. Iliyobaki inapita, na ndiyo inayofanya plastiki nyeupe igeuke manjano na nyekundu ipauke. Kwetu hapa, nyuzi 1 tu kusini mwa ikweta na kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, miale hiyo ni mikali. Wengi hudhani dirisha ni dirisha, lakini dirisha la kaskazini hupata jua la moja kwa moja katikati ya mwaka, la kusini hupata mwishoni na mwanzoni mwa mwaka, na ya mashariki na magharibi hupata mwaka mzima. Hamisha kabati kwanza, hata kabla ya kuosha sanamu. Ukuta usio na dirisha mkabala ndio bora. Kama nyumba ni chumba kimoja na hakuna ukuta mwingine, weka pazia zito na uligeuze kabati ubavu.

Kuosha kwenyewe ni rahisi. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, mswaki laini wa mtoto. Sugua taratibu kwenye mikunjo ya joho na chini ya nyayo, suuza, kausha kwa kitambaa kisha uiache hewani usiku mzima kabla ya kuirudisha. Sehemu zenye stika au taa ndani usiziloweke. Kuna wanaopaka unga wa talki; unga huo unaficha mnato, hauondoi mafuta, na hujaza viungo. Mnato utarudi baada ya muda, utaosha tena, na kila mara utakuwa umepungua ikiwa kabati linapumua. Kulipumulisha hakuhitaji feni. Acha upenyo wa milimita chache juu na mwingine chini ili hewa ya moto ipande itoke na ya baridi iingie, na uzibe upenyo wa chini kwa kitambaa cha wavu kwa ajili ya vumbi.

Iliyoinama haijavunjika. PVC yenye mzigo juu yake hukubali kidogo kidogo, na vifundo vya miguu ndivyo vinavyobeba kila kitu. Chemsha maji, yaepue, yaache yapoe hadi mvuke upungue. Maji ya Nairobi huchemka karibu nyuzi 94, si 100, lakini hata hizo ni nyingi mno kwa rangi na gundi ya viwandani. Zamisha mguu uliopinda hadi uhisi umelainika, unyooshe kwa vidole, kisha uuingize mara moja kwenye maji baridi huku umeushikilia. Kama kilicholegea ni kiungo chenyewe, na kinachomoka bila nguvu, zungusha kipande chembamba cha thread tape ya fundi wa mabomba kwenye kijiti chake kabla ya kukirudisha. Supagluu usiitie humo: mvuke wake huacha ukungu mweupe, na kiungo kinaweza kukwama moja kwa moja.

Ukirudisha sanamu kwenye sakafu, weka kizuizi chini ya kila unyayo. Faili nyepesi za plastiki za kuwekea karatasi, zinazouzwa kila duka la vitabu, mara nyingi ni polipropilini, ambayo haipokei mafuta ya PVC kwa urahisi. Kata umbo la unyayo, ndogo kidogo kuliko unyayo wenyewe, na haitaonekana. Foili ya jikoni pia inafaa, hata kama inang'aa kidogo pembeni. Na hizo sehemu mbili zilizobanduka usizipake rangi ile ile tena; zifunike kwa udongo halisi, jambo litakaloipa steji yako uhai mara moja.

Hebu niseme zaidi kuhusu udongo, kwa sababu hapa ndipo diorama nyingi za Nairobi hupotea. Steji yako iko wapi? Kama ni Embakasi, ardhi ni nyeusi, ile ya mfinyanzi inayopasuka kiangazi na kushika viatu mvua ikinyesha. Kama ni Kangemi au njia ya Kikuyu, ni nyekundu. Chukua ya mahali penyewe, ikaange kavu kwenye sufuria kuukuu hadi wadudu na mayai yao wafe, kisha ichuje kwa soksi ya nailoni. Punje kubwa kwenye skeli hii huonekana kama mawe. Nyunyiza, kisha dondoshea gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu, pamoja na tone la sabuni ya vyombo. Bila sabuni, maji hukaa juu ya vumbi kama ushanga na kulivuruga. Halafu angalia ukuta wowote wa mtaani baada ya mvua za Aprili: chini kabisa kuna mkanda wa matope yaliyorushwa na matone, mkali karibu na ardhi na hafifu unapopanda. Fanya hivyo hivyo kwa sponji karibu kavu, urefu wa sentimita 2 au 3, na mtu atakayeangalia ataamini ukuta wako kabla hajajua kwa nini.

Vipimo sasa. Sanamu ya inchi 6 ni karibu skeli ya 1/12: mtu wa sentimita 180 anakuwa sentimita 15. Kila kitu gawanya kwa 12. Mlango wa mita 2 unakuwa karibu sentimita 17. Jiwe la inchi 9 la kujengea, lile la mashine, linakuwa milimita 19. Chora mistari ya saruji kwa kalamu ya wino ukikandamiza foamu, kisha bingirisha mpira wa foili juu ya mawe ili uso uwe na chembe. Toyota Hiace ndefu ina karibu mita 4.7, hivyo matatu yako ilipaswa kuwa na sentimita 39. Hiyo ya kuchezea nadhani ni ya skeli ya 1/24 au ndogo zaidi, na jicho halidanganyiki, kwa sababu shujaa wako anauzidi urefu mlango wa kondakta.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuisukuma nyuma kabisa, ili udogo usomeke kama umbali. Inawezekana, lakini ina masharti: barabara lazima ipungue upana kuelekea nyuma, sanamu zisisimame kando ya gari, na mstari wa upeo wa macho kwenye picha ya nyuma uwe usawa wa macho ya anayetazama. Ukumbi wa wanyama wa Afrika ulio katika jumba la makumbusho huko New York, uliofunguliwa 1936 na kupewa jina la Carl Akeley, fundi wa kukausha wanyama, hutegemea mbinu za namna hiyo, pamoja na ukuta wa nyuma uliopindwa usio na kona. Pinda kadibodi yako ya nyuma vivyo hivyo. Kona mbili za kabati ndizo zinazomwambia mtazamaji kwamba hili ni boksi. Njia ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kutojenga matatu nzima. Jenga theluthi ya nyuma tu, mlango na ngazi na mchoro wake, ikikatwa na ukingo wa kabati. Rafu ya sentimita 30 haina nafasi ya gari zima, na steji halisi huioni gari zima pia; unaona mlango na kichwa cha kondakta.

Mabati ya kibanda usiyanunue. Bati la kawaida lina milimita 76 kutoka mgongo hadi mgongo, ambazo kwa 1/12 ni milimita 6 na kitu. Kuna katoni ambayo mawimbi yake yana kipimo hicho karibu sawasawa. Weka rula na uhesabu: nafasi 10 za migongo zikichukua karibu sentimita 6 na nusu, umeipata. Lowesha karatasi ya juu kidogo kwa sponji, ichambue polepole, acha ikauke chini ya kitu kizito kisichobonyeza mawimbi. Misumari ni matone ya gundi nyeupe kwa ncha ya kijiti cha meno, na yakae juu ya mgongo, si kwenye bonde, kwa sababu fundi wa paa hapigi msumari mahali maji yanapopita. Kutu ianzie kwenye kila msumari na kuteremka. Hakikisha katoni imepakwa pande zote mbili, ama sivyo itajikunja msimu wa mvua na baadaye kuota ukungu. Gundi ya unga wa ngano iache kabisa, maana mende wataila.

Kuhusu taa, sina mengi. Utepe wa LED wa volti 5, unaotumia chaja ya simu, unatosha, na Luthuli Avenue imejaa hizo. Uweke juu mbele, ukiwa umefichwa nyuma ya ubao, si nyuma ya sanamu. Usiwashe mchana kutwa, kwa kuwa nao una joto lake na kabati lako tayari limeteseka.

Kuna mambo ambayo barua yangu haitoshi. Ukitaka kuunganisha taa moja kwa moja kwenye waya za ukutani, hizo ni volti 240. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Kama kuna mtu mwenye pumu au mtoto mchanga katika nyumba hiyo, usikate foamu kwa waya wa moto wala kupuliza chochote ndani, fanya nje. Na kama baada ya kufanya hivyo mtu anapata kizunguzungu au kifua kubana, mtoe nje apate hewa safi na umpeleke kituo cha afya bila kusubiri. Kwa sanamu zenyewe, ikiwa rangi inabanduka pamoja na mnato, au plastiki imeanza kupasuka, usioshe. Iache wazi mahali pakavu penye kivuli, ipige picha pande zote, na umpelekee mkusanyaji mzoefu aishike mkononi kabla hujaigusa kwa kitu chochote, kwa sababu PVC iliyochoka na rangi iliyochoka hazitibiwi kwa njia moja, na tofauti hiyo haionekani vizuri kwenye picha.